SEHEMU YA 4: Mtoto aliyetekwa akirudi, nani anampokea?

Sehemu iliyopita tuliishia pale watoto wa kaskazini mwa Uganda wanapotekwa na waasi wa LRA wa Joseph Kony. Wengi mkaniuliza: hivi waliobahatika kutoroka, walirudije kuwa watoto wa watu tena? Leo tunajibu hilo.

Tukumbushane kidogo. Vita ile ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980, na kaskazini mwa Uganda ilitulia mwaka 2006. Watoto zaidi ya 20,000 walitekwa. Walibebeshwa mizigo, wakapewa bunduki, wasichana wakagawiwa kwa makamanda kama wake. Na wengine walilazimishwa kupiga au kuua ndugu na majirani zao wenyewe. Hiyo haikuwa hasira tu, ulikuwa mpango: mtoto akishamwaga damu ya kwao, atajiona hana pa kurudi, kwa hiyo hatatoroka.

Shikeni hapo. Waasi walikata njia ya nyumbani makusudi. Kumponya mtoto kulimaanisha kuifungua ile njia.

Wa kwanza kuifungua walikuwa wazazi. Oktoba 1996 waasi waliingia usiku kwenye shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, wakachukua wanafunzi 139. Mtawa mmoja wa Kiitaliano, Sista Rachele Fassera, aliwafuata porini na mwalimu mmoja, akarudi na wasichana 109. Wakabaki 30. Kati ya hao 30 alikuwemo binti wa miaka 14 wa Angelina Atyam, muuguzi mkunga wa Lira. Ndiyo, mwenzetu wa kada hii hii.

Angelina na wazazi wenzake walianzisha chama cha wazazi waliotekewa watoto, wakapaza sauti mpaka nje ya nchi. Waasi wakamtumia ujumbe: nyamaza, tutakupa binti yako. Alikataa. Alisema kama ni kuachiwa, waachiwe wote. Hebu jiweke pale, mama. Mimi nikifikiria hilo jibu, miguu inaniisha nguvu. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya haki za binadamu. Binti yake alirudi mwaka 2004, baada ya karibu miaka 8, akiwa naye ameshakuwa mama.

Wakati huohuo serikali ilibanwa na wazee, viongozi wa dini na wazazi mpaka ikapitisha sheria ya msamaha mwaka 2000. Aliyeacha silaha hakushtakiwa. Bila hiyo, mtoto angetoka kwa waasi akaingia gerezani.

Waliotoroka wengi walipitia vituo vya mapokezi, kama GUSCO pale Gulu kilichoanza 1994. Huko ndiko kazi yetu ya uuguzi ilipoonekana: vidonda vya risasi, miguu iliyooza kwa kutembea, malaria, utapiamlo, magonjwa ya zinaa. Halafu usiku, ndoto mbaya. Walizungumza, walicheza, walichora, walifundishwa cherehani na useremala, huku ndugu wakitafutwa. Lakini kituo ni wiki au miezi tu. Maisha yenyewe yanaanza mlangoni kwa mama.

Na mlangoni Waacholi walikuwa na desturi yao ya zamani, kukanyaga yai. Ilikuwa ni kwa yeyote aliyekaa mbali na kwao muda mrefu. Yai bichi linawekwa penye kuingilia uani, pamoja na tawi la mti wa opobo wenye utelezi, na layibi, ule mti wa kuegemezea mfuniko wa ghala la nafaka. Mtoto anakanyaga yai, anaingia, anapokelewa. Yai ni kitu safi, halina mdomo wa kumsema mtu vibaya. Opobo unasafisha. Layibi inamwambia: ghala ni lako, utakula nasi. Wakati wa vita wazee waliwafanyia waliorudi, wengi kwa pamoja.

Lakini msidhani yai lilimaliza yote. Watafiti waliowafuatilia vijana hao walikuta wengi mno wamepokelewa vizuri na familia. Kilichowaumiza kwa muda mrefu ni kingine: miaka ya shule iliyopotea, na kipato kidogo kwa sababu hiyo. Kijana wa miaka 17 anakaa darasa moja na watoto wa miaka 10, utani kidogo tu anaacha. Mapokezi bila shule wala kazi ni nusu ya dawa.

Walioumia zaidi ni wasichana waliorudi na watoto mgongoni. Wao wenyewe walisamehewa, ila mtoto akaitwa mtoto wa muasi. Kwa Waacholi ardhi na ukoo vinafuata baba. Sasa huyu baba yuko porini au kafa, mtoto atalima wapi? Msichana akiolewa, mume mpya mara nyingi hamtaki yule mtoto. Ndiyo maana mwaka 2011 kina mama hao waliunda mtandao wao pale Gulu, wakiongozwa na Evelyn Amony, naye alitekwa akiwa mdogo. Walifika mpaka Bungeni mwaka 2014 kudai haki zao na za watoto wao. Kuna waliofanikiwa kumtafuta ukoo wa baba, mtoto akatambuliwa na kupewa pa kulima. Wengi bado wanahangaika, na watoto wale leo ni watu wazima.

Angelina alimtafuta mama wa muasi aliyemshikilia binti yake, akamwambia amesamehe, yeye na ukoo wake. Ona alikokwenda: kwa mama mwenzake. Wajukuu wale walikuwa wa nyumba zote mbili.

Basi, mama, mtaani kwako akija mtoto mwenye historia nzito, wa vita au wa jambo lingine lolote, usimuulize kwanza alifanya nini kule. Muulize amekula? Anasoma wapi?

Sehemu ya 5 tutaongelea watoto waliokuwa wakitembea kila jioni kwenda kulala Gulu mjini na hospitali ya Lacor. Tuwe pamoja.