Michoro ya Kihandisi ya Reli na Uundaji wa Modeli: Mfano wa Injini za Aina ya 59 za Afrika Mashariki

Historia ya reli ya Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kutegemea ripoti za serikali, hesabu za mapato, barua za maofisa na, kwa kiasi kidogo, masimulizi ya wafanyakazi. Michoro ya kihandisi imeachiwa mafundi, kana kwamba mstari uliochorwa kwa wino hauna la kusema kuhusu siasa wala uchumi. Waliousoma mstari huo kwa makini ni watu ambao wanahistoria huwaona kama wachezaji tu: waundaji wa modeli za treni. Hao hukusanya michoro ya kale, huilinganisha na picha, kisha huunda upya injini nzima kwa shaba na plastiki katika ukubwa unaoweza kuwekwa juu ya meza. Makala haya yanachunguza kazi hiyo kwa kutumia mfano mmoja, yaani injini za Garratt za aina ya 59, na yanadai kwamba uundaji wa modeli ni njia halali ya kuhakiki chanzo cha kihistoria.

Ni vyema kuanza na karatasi yenyewe. Mbinu ya nakala za buluu iligunduliwa na John Herschel mwaka 1842. Karatasi hupakwa mchanganyiko wa chumvi za madini ya chuma na kukaushwa gizani. Mchoro uliochorwa kwenye kitambaa chepesi cha kunakilia hulazwa juu yake, na vyote huwekwa kwenye mwanga wa jua. Palipopigwa na mwanga hugeuka buluu. Palipokingwa na wino hubaki peupe baada ya karatasi kuoshwa kwa maji. Hivyo ofisi ya uchoraji iliweza kutoa nakala kwa mhunzi, kwa msubuji na kwa fundi boila bila kuchora upya. Nakala hizo zilishikwa kwa mikono yenye mafuta, zikachanika na kutupwa. Zilizosalia ni tete: mwanga mwingi hufifisha rangi yake, na alkali huiharibu kabisa, kiasi kwamba majalada yaliyotiwa chokaa ili kukinga karatasi za kawaida dhidi ya asidi hayazifai.

Kuoshwa huko kuna athari nyingine ambayo mkusanyaji mgeni huijua akiwa ameshapata hasara. Karatasi iliyolowa na kukauka hunywea, tena kwa viwango tofauti katika urefu na upana. Ndiyo maana mafundi walitakiwa kufuata tarakimu zilizoandikwa, wala si kuweka rula juu ya mchoro. Muundaji wa modeli anayepima kwa rula huirithi kasoro hiyo ya karatasi na kuiingiza katika kazi yake bila kujua.

Injini za aina ya 59 zilitengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock katika karakana zake za Gorton, Manchester, kwa ajili ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Zilikuwa 34, zikaanza kazi mwaka 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa takriban tani 252. Hakuna injini za mvuke za geji ya mita moja zilizowahi kuzizidi kwa ukubwa. Zilipewa majina ya milima ya eneo hili na kazi yao kuu ilikuwa kuvuta mizigo mizito kati ya Mombasa na Nairobi, njia inayopanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Katika muundo wa Garratt, boila huning'inizwa kati ya mikokoteni miwili yenye silinda na magurudumu yake, nayo mikokoteni huzunguka kwenye egemeo. Kwa kuwa hakuna magurudumu chini ya boila, tanuri laweza kuwa pana na la kina, na injini ndefu yaweza kupita kwenye kona.

Ni katika maegemeo hayo ndipo mchoro na modeli hugongana. Injini yenye urefu wa karibu mita 31.7, ikipunguzwa kwa skeli ya 1:87, hupata urefu wa sentimita 36 hivi. Hapo hakuna tatizo. Lakini kona ya reli yenye nusu kipenyo cha mita 200 huhitaji nusu kipenyo cha mita 2.3 katika skeli hiyo, nafasi ambayo nyumba nyingi hazina. Muundaji hulazimika kukaza kona, na mara anapoikaza, ncha za injini hutokeza nje na mabomba ya mvuke kugusana. Geji nayo ina mgogoro wake. Mita moja kwa skeli ya 1:87 ni milimita 11.5, ilhali reli ndogo zinazouzwa kwa skeli hiyo zina milimita 12. Tofauti hiyo ya nusu milimita ni sawa na sentimita 4 na zaidi katika reli halisi. Wengi huivumilia. Wachache huunda reli yao wenyewe, na ni hao wachache ambao madaftari yao ya vipimo yangestahili kuhifadhiwa na maktaba.

Suala la geji linafika mbali zaidi ya meza. Injini za aina ya 59 zilisanifiwa ili ziweze kubadilishwa zitumike kwenye geji ya milimita 1,067, ile iliyoenea kusini mwa Afrika. Anayesoma ripoti peke yake aweza kulipita jambo hilo kwa sentensi moja. Anayeunda magurudumu na fremu hawezi, kwa sababu lazima ajiulize kwa nini pameachwa nafasi isiyo na kazi. Jibu ni kwamba wapangaji wa miaka ya 1950 walifikiria kuunganisha reli ya Afrika Mashariki na ile ya kusini. Muungano huo haukutokea kwa njia waliyoitarajia: TAZARA ilipokamilika katikati ya miaka ya 1970 ilijengwa kwa milimita 1,067, nazo injini za aina ya 59 zikamaliza maisha yao kwenye geji ya mita moja. Mchoro umehifadhi mpango uliokufa.

Hata hivyo, mchoro hauelezi kila kitu. Unaonyesha kilichokusudiwa siku ulipotiwa saini. Baadaye injini hizi zilifungwa dohani bapa ya mtindo wa Giesl, badiliko ambalo mchoro wa awali wa Gorton hauna. Rangi nyekundu iliyoiva haimo katika nakala ya buluu. Kisanduku cha pembeni hubeba herufi za majina ya mchoraji, mnakili na mkaguzi. Hakimtaji fundi wa Nairobi aliyeitunza mashine kwa zaidi ya miaka 20, wala mpiga moto aliyeipandisha usiku kutoka Voi. Anayetegemea mchoro pekee huunda injini ambayo, kwa maana fulani, haikuwahi kufika Afrika.

Hapo ndipo penye uzito wa suala hili kwa watafiti wa eneo hili. Kampuni ya Beyer, Peacock ilifungwa mwaka 1966, na kumbukumbu zake zimo katika jumba la makumbusho ya sayansi na viwanda mjini Manchester, ambako mtu mwenye muda na nauli aweza kuzisoma. Mabadiliko yaliyofanywa na mafundi wa Afrika Mashariki yaliandikwa kwa chuma zaidi kuliko kwa karatasi. Mkusanyaji wa Ulaya ana mchoro bila mashine. Mtafiti wa Nairobi ana mashine bila mchoro. Katika Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971, zimesalia injini mbili za aina hii, namba 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Mabomba, viraka na matundu ya skrubu yaliyoongezwa baada ya 1956 bado yanaonekana juu yake, na yanaweza kupimwa kwa utepe, kuchorwa na kulinganishwa na karatasi za Gorton kabla kutu haijayala.