Wageni katika Karamu ya Noeli

Watazamaji wa picha za kuchekesha za Noeli zilizotengenezwa Marekani baina ya mwaka wa 1940 na 1950 aghalabu hukumbuka majina mawili tu katika kila picha: la mwanamume apendaye na la mwanamke apendwaye. Walakini kicheko chenyewe, kile kinachowafanya watu waitazame picha ile ile mwaka baada ya mwaka, mara nyingi hakikuletwa na hao wawili. Kililetwa na mpishi, na karani mzee, na mtumishi wa mkahawa. Watu waingiao mlangoni, wakasema maneno machache kwa Kiingereza chenye lafudhi ya mbali, kisha wakatoka. Majina yao huandikwa chini, baada ya ya wakubwa. Baadhi yao walikuwa wakimbizi, tena Wayahudi, ambao Noeli haikuwa sikukuu ya dini yao, na miji iliyowalea na kuwapigia makofi ilikuwa imekwisha kuwafungia malango. Sikukuu ya Wamarekani iliota moto uliowashwa na watu wasio na nyumba ya kurudia.

Picha iliyo bora kupita zote za namna hii ni The Shop Around the Corner, iliyotolewa Januari 1940. Asili yake ni mchezo wa kuigiza wa Miklós László, Mhungaria wa Budapest, uliochezwa katika mji huo mwaka wa 1937. Mwaka uliofuata serikali ya Hungaria ilitunga sheria iliyowawekea Wayahudi mpaka wa asilimia 20 katika kazi za biashara, uandishi na sanaa, na katika mwaka huo huo wa 1938 László alihamia Marekani. Mchezo wake ukaangukia mikononi mwa Ernst Lubitsch, na haukuweza kuangukia mahali pema zaidi. Lubitsch alizaliwa Berlin mwaka wa 1892, mwana wa fundi wa nguo Myahudi aliyekuwa na biashara ya makoti ya kike, na katika ujana wake alipata kufanya kazi katika duka la baba yake. Alikwenda Hollywood mwaka wa 1922 kwa kuitwa, wala si kwa kufukuzwa. Lakini mwaka wa 1935 Manazi walimvua uraia wake wa Ujerumani. Mwaka wa 1940, picha yake ya duka la Budapest ilipokuwa ikiwachekesha Wamarekani, uso wake ulionyeshwa Ujerumani katika picha ya Manazi iliyotungwa makusudi kuwatia watu chuki dhidi ya Wayahudi. Mtu mmoja, mwaka mmoja, picha mbili.

Kisa ni chepesi. Karani Alfred Kralik, aliyechezwa na James Stewart, na karani Klara Novak, aliyechezwa na Margaret Sullavan, wanagombana kutwa nzima dukani. Kumbe usiku wanaandikiana barua za mapenzi pasipo kujuana, kila mmoja akidhani anamwandikia mgeni mwenye moyo mtukufu. Kisa cha namna hii kingeweza kuelea hewani kama povu. Kilichokivuta chini kikasimama juu ya ardhi ni karani mzee Pirovitch, na aliyemcheza Pirovitch ni Felix Bressart.

Bressart alizaliwa mwaka wa 1892 huko Prussia Mashariki. Kabla ya mwaka wa 1933 alikuwa mchekeshaji mwenye jina katika sinema za Ujerumani. Manazi walipotwaa madaraka aliondoka, na baada ya miaka kadhaa ya kutangatanga Ulaya akafika Marekani. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye masharubu mazito na macho ya mtu aliyezoea kuomba radhi. Katika picha hii amepewa mzaha mmoja unaorudiwa: kila mwenye duka, Bwana Matuschek, anapowauliza makarani wake maoni yao ya kweli, Pirovitch hukimbia. Hupanda ngazi mbio au hujificha, asionekane tena mpaka hatari ipite. Watu hucheka, nao wana haki ya kucheka. Ila mtazamaji ajuaye mwaka wenyewe na mtu mwenyewe hawezi kukosa kuona kwamba hiki ni kicheko cha mwenye mke na watoto ambaye kazi yake inategemea hali ya moyo wa bwana wake, naye amekwisha kujifunza bei ya neno la kweli. Pirovitch si mwoga. Kralik anapofukuzwa kazi, huyu mzee ndiye anayekwenda naye usiku hadi kwenye mkahawa ambako mwandishi wa barua anangojea, na kwa ombi la rafiki yake ndiye anayechungulia dirishani. Anamwona msichana, anakiona kitabu na ua walivyoagana viwe alama, na sasa hana budi kumwambia Kralik kwamba mpenzi wake ni yule yule adui yake wa dukani. Namna anavyoikaribia habari hiyo, akiizunguka, akimsifu Klara kidogo kidogo ili kutengeneza njia, ni somo kamili la uchekeshaji, na Stewart, aliyekuwa nyota, amesimama tu akisikiliza.

Kuna mahali pengine ambapo Kralik anamwuliza mzee huyu gharama za kuoa na kukaa nyumbani. Anawazia chumba cha kulia, na mahali pa kuwakaribishia wageni. Pirovitch anamjibu kwa swali, je, yeye ni balozi hata awe na wageni wa kukaribisha? Rafiki wa kweli, asema, huja baada ya chakula. Yapo mambo mengi ya kiuchumi yaliyoandikwa juu ya miaka ile ya dhiki. Machache yameyasema mambo yale kwa maneno machache kama hayo.

Noeli yenyewe inakuja mwishoni. Bwana Matuschek amegundua kwamba mkewe amemsaliti na karani wake Vadas, akajaribu kujipiga risasi, akaokolewa na kijana mtumwa wa duka. Katika mkesha wa sikukuu, baada ya mauzo makubwa, anasimama nje ya duka lake katika theluji akitafuta mtu wa kula naye. Anamwuliza huyu, ana mchumba. Anamwuliza yule, anakwenda kwa mama yake. Hatimaye anatoka Rudy, mtumishi mpya aliye mgeni mjini, asiye na mtu. Mzee anamtajia supu ya kuku, na bata bukini wa kuokwa, na andazi la matofaa, na uso wa kijana unang'aa kwa kila jina la chakula. Wanakwenda pamoja. Frank Morgan, aliyemcheza Matuschek, alikuwa mzaliwa wa New York wala hakuwa mkimbizi. Lakini mawazo ya tendo hili ni ya watu waliojua maana ya kuwa mgeni mjini usiku wa sikukuu. Noeli hapa ni swali la nani atakula na nani, na hivyo ndivyo ilivyo katika takriban kila picha njema ya ukoo huu. Lubitsch, katika barua aliyoiandika mwaka wa 1947, miezi michache kabla ya kufa, alisema kwamba hajapata kutengeneza picha ambayo hewa yake na watu wake walikuwa wa kweli kuliko hii. Hukumu yake ilikuwa sahihi. Budapest ile ya kwenye picha, pamoja na mikahawa yake na makarani wake wapole, haikuwapo tena: katika majuma machache ya mwaka wa 1944 zaidi ya Wayahudi 400,000 walisafirishwa kutoka Hungaria kwa magari ya moshi, wengi wao mpaka Auschwitz.

Mhungaria mwingine, Jenő Gerő, alijulikana jukwaani kwa jina la Szőke Szakáll, maana yake ndevu za kimanjano, na Marekani likafupizwa likawa S. Z. Sakall. Huyu hakufanana na Bressart hata kidogo. Alikuwa mnene, mwenye mashavu yaliyoning'inia, na aliposhtuka aliyapiga kwa viganja vyake hata yakatikisika. Alikuwa ametamba Berlin na Vienna. Naye alifukuzwa na upepo ule ule, akaingia Marekani vita vilipoanza. Katika Casablanca ya mwaka wa 1942 ndiye mtumishi Carl, anayewasikiliza kwa upole wazee wawili wanaojizoeza Kiingereza chao kibovu kabla ya kusafiri. Wale wazee nao walichezwa na wakimbizi.

Picha yake ya Noeli ni Christmas in Connecticut, iliyotolewa Agosti 1945, mwezi ambao Japani ilisalimu amri. Wenye kampuni za sinema wakati ule hawakuona ajabu kuonyesha theluji katika jua kali. Barbara Stanwyck ni Elizabeth Lane, mwandishi wa gazeti anayewasimulia wanawake wa Marekani habari za shamba lake, mumewe, mtoto wake, na mapishi yake matamu. Hana shamba, hana mume, hana mtoto, na hawezi kuchemsha yai. Mapishi yote hupewa na Felix, mwenye mkahawa Mhungaria, ndiye Sakall. Mwenye gazeti, aliyechezwa na Mwingereza Sydney Greenstreet kwa unene na kiburi cha kupendeza, anaamuru kwamba baharia aliyenusurika baada ya meli yake kuzamishwa akaribishwe Noeli katika shamba hilo lisilokuwapo, kisha anajialika na yeye. Basi uwongo unapaswa kujengewa nyumba, na Felix anachukuliwa ili jiko lisifedheheke.

Anachokifanya Sakall katika jiko hilo hakisimuliki vema. Anagombana na mtumishi wa Kiayalandi, aliyechezwa na Una O'Connor, kwa sababu ametia pilipili nyekundu ya kwao katika mchuzi wake na kuugeuza kuwa wa Kihungaria. Anamfundisha bibi wa nyumba kurusha chapati ya maji hewani ili igeuke. Arusi ya uwongo inapokaribia kufungwa, anapiga kelele kwamba mtoto amemeza saa yake. Na mapema katika picha kuna mazungumzo mafupi yanayostahili kutazamwa mara mbili: Felix, aliyekutana na neno gumu la Kiingereza, anamwuliza mtumishi wake Mwafrika wa Marekani maana yake, na huyo anampa maana pamoja na asili yake ya Kigiriki. Katika sinema za miaka hiyo mtu mweusi alipewa aghalabu sahani ya kubeba na sentensi ya kuchekwa. Hapa anayechekwa ni mgeni wa Ulaya, na mwenye elimu ni mtumishi. Dakika ile haikubadili desturi ya Hollywood. Hata hivyo imebaki.

Wakati Sakall alipokuwa akiyapiga mashavu yake mbele ya taa za Warner, dada zake watatu walikufa katika kambi za Manazi. Mwaka wa 1954 alichapisha kitabu cha maisha yake, na katika jina la kitabu aliwaweka pamoja Mfalme Franz Joseph, Hitler na ndugu Warner, kana kwamba ni mabwana watatu aliowatumikia kwa zamu. Ni mzaha wa mtu asiyekubali kuwapa wauaji heshima ya kilio chake hadharani.

Miracle on 34th Street ya mwaka wa 1947 yajulikana zaidi kuliko zote mbili, nayo haina haja ya maelezo mengi. Edmund Gwenn, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1877, alipata tuzo ya Oscar kwa kumcheza mzee wa Noeli katika duka la Macy's, na Thelma Ritter, katika sehemu ndogo ambayo jina lake halikuandikwa, aliwafanya watu waulize ni nani yule mama aliyechoka kutafuta zawadi. Lakini moyo wa picha ni pale analetwa mtoto yatima kutoka Rotterdam, mji ulioteketezwa kwa mabomu ya Wajerumani Mei 1940. Mama aliyemlea anaomba radhi kwamba mtoto hajui Kiingereza. Mzee anamgeukia akasema naye Kiholanzi, wakaimba pamoja. Ni picha ya kuchekesha, na kwa dakika hiyo hakuna anayecheka.

Mwaka wa 1949 kisa cha László kilitengenezwa upya kwa jina la In the Good Old Summertime, na Judy Garland na Van Johnson wakawa wapenzi. Budapest ilikuwa imeondolewa. Duka likawa la ala za muziki mjini Chicago. Bastola nayo iliondolewa, na pamoja nayo iliondoka nusu ya maana, kwa kuwa furaha ya mwisho haikuwa tena na shimo la kuvuka. Aliyechaguliwa kuwa mwenye duka alikuwa Sakall: mtu wa Budapest akicheza kisa cha Budapest ambacho Budapest imefutwa ndani yake. Mwaka huo Bressart alifariki, na Frank Morgan pia. Sakall aliwafuata mwaka wa 1955. Kisa kiliendelea kuzaa, mpaka You've Got Mail ya mwaka wa 1998, ambamo barua zimekuwa za kompyuta na hakuna Pirovitch wa kuchungulia dirishani. Upungufu wake waonekana.

Yabaki habari ya Vadas, karani mbembe aliyemharibia Matuschek nyumba yake. Alichezwa na Joseph Schildkraut, mzaliwa wa Vienna wa mwaka wa 1896, mwana wa mwigizaji Myahudi mashuhuri. Alimcheza kwa nywele za mafuta na tabasamu la kuuza, hata mtazamaji hufurahi anapotupwa nje. Mwaka wa 1955, mjini New York, Schildkraut huyu huyu alipanda jukwaani kuwa Otto Frank, baba wa Anne, katika mchezo uliotungwa kutokana na shajara ya binti huyo, na mwaka wa 1959 akamcheza tena katika sinema. Katika mchezo huo imo sikukuu nyingine ya majira ya baridi, Hanuka, inayosherehekewa na watu wanane waliojificha juu ya ghala mjini Amsterdam. Anne amewatengenezea wote zawadi kwa vitu vichakavu, nao wanacheka. Ndipo sauti inasikika chini, katika ghala, na Schildkraut anainua mkono wanyamaze.