Kuhifadhi Sauti: Kutoka WAV hadi FLAC

Faili ya WAV yenye ubora wa CD hubeba sampuli 44,100 kwa sekunde katika kila chaneli. Saa moja ya stereo huchukua takribani megabaiti 635. Tukiigeuza kuwa MP3, sehemu ya sauti hutupwa, wala hairudi tena. FLAC, iliyotolewa mwaka 2001, hupunguza ukubwa huo, mara nyingi hadi karibu nusu, na ikifunguliwa hurejesha kila sampuli kama ilivyokuwa. Ndani yake huwekwa alama ya uhakiki iitwayo MD5, iliyokokotolewa kutokana na sauti ya awali. Basi tuipime faili mpya kwa alama hiyo, ndipo tufute WAV. Kwa maana sauti ya marehemu hairekodiwi mara ya pili.