Kumchagua mpiga picha wa harusi hapa Pwani: Sitara kwanza, bei baadaye

Pilau huliwa ikaisha, ukumbi hurudishiwa mwenyewe, na marembo ya kupambia hupelekwa harusi nyingine. Wiki moja baadaye kilichobaki ni ndoa yenyewe na picha. Hata hivyo, katika vikao vingi vya harusi hapa kwetu, mpiga picha huzungumzwa mwisho, baada ya chakula, viti na nguo, na hupewa kile kilichosalia mfukoni. Huchaguliwa kwa kuwa ni mtoto wa jirani, au kwa kuwa bei yake iko chini. Wazee walisema rahisi huvunja upishi.

Kwa familia ya Kiislamu jambo hili lina uzito zaidi. Usiku wa kupamba, mwanamke anayejisitiri mwaka mzima huvua buibui akakaa mbele ya wanawake wenzake, akiamini kwamba hakuna jicho la ajinabi linalomwona. Picha moja ikitoka humo ukumbini ikaingia kwenye kundi la WhatsApp, haina tena wa kuirudisha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza: picha zetu zitapita mikononi mwa nani?

Hesabu shughuli zako

Harusi ya Pwani ni mfululizo wa shughuli. Kuna siku ya hina, kuna nikah, kuna walima, kuna kupamba, na kila shughuli ina watu wake na mwanga wake. Ziandike zote pamoja na saa na mahali, kisha amua ni ipi inahitaji mpiga picha na ipi haihitaji. Kama mnafunga nikah ya watu wachache nyumbani, saa mbili zinatosha. Hakuna haja ya kulipia siku nzima.

Msikitini, mpiga picha awe mtu anayejua adabu za mahali: asipite mbele ya anayeswali, asizunguke zunguke wakati wa khutba, asimmulike sheikh kwa flashi usoni. Mambo anayotakiwa kuyapata ni machache na hupita haraka: walii na bwana harusi wameshikana mikono, ijabu na kabuli, saini za mashahidi. Akiyakosa, hakuna wa kumwambia walii aozeshe tena. Na muulizeni imamu au kamati mapema kama picha zinaruhusiwa, kwani misikiti haifanani.

Kwenye kupamba, mpiga picha awe mwanamke, na msaidizi wake pia. Hapo wengi hudhani wamemaliza, kumbe ndipo kazi inapoanza. Mpiga picha ni mwanamke, lakini anayezihariri picha studioni ni kijana wa kiume, na albamu inachapishwa kwenye duka ambalo kila anayeingia anakiona kilichoko kwenye kompyuta. Uliza nani anahariri, nani anachapisha, na kama wewe au ndugu yako wa kike anaweza kuwapo siku ya kuchapisha.

Mtihani usiolipiwa

Watu hushauri uombe kuona kazi za nyuma, na ni ushauri mzuri. Usitosheke na picha ishirini zilizochaguliwa. Omba harusi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, uone alivyofanya penye taa hafifu, penye jua la saa saba mchana na penye umati.

Sasa angalia atakachokuonyesha. Mwambie unataka kuona picha za kupamba. Akifungua simu akaanza kukupitishia mabibi harusi wa watu, vichwa wazi, bila kusema lolote kuhusu ruhusa, mshukuru uondoke. Atakavyokuonyesha wewe mke wa mtu leo, ndivyo atakavyomwonyesha mwingine wewe kesho. Aliye mwaminifu atakuonyesha mikono yenye hina, nguo, vito na mapambo ya jukwaa, na sura za wale tu waliomkubalia. Kwa mtihani huu mmoja utamjua mtu kuliko kwa maswali kumi.

Itazame pia rangi ya ngozi. Wako wahariri wanaomtia kila bi harusi weupe hadi uso na mikono yake vikaonekana vya watu wawili. Ikiwa hutaki kubadilishwa rangi, sema hivyo kabla ya kazi na kiandikwe.

Mwanga, mvua na upepo

Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Mwanga laini wa ufukweni ni wa saa ile ya mwisho kabla ya Magharibi. Mkifika saa kumi na mbili mtapata dakika chache, na adhana itawakuta mchangani. Pangeni kuanza saa kumi na moja kasoro, baada ya Alasiri.

Harusi ya Aprili au Mei iko kwenye masika, basi muwe na mahali pa pili pa kupigia penye paa. Upepo wa kusi nao hauna huruma na shela. Halafu kuna lenzi: ikitoka kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi ikaingia kwenye joto la nje, hufanya ukungu. Mpiga picha anayeijua Pwani hufika mapema aipe kamera muda wa kuzoea.

Akitaka kurusha droni, muulize kama imesajiliwa na kama ana kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga nchini. Na mkitaka kupigia Fort Jesus au sehemu nyingine iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa, ulizieni ruhusa na ada kabla ya siku yenyewe.

Vifaa na nakala

Huna haja ya kujua majina ya kamera. Muulize tu: kamera ikizima katikati ya nikah, utafanya nini? Jibu sahihi ni kwamba ana kamera ya pili mkononi, betri za ziada na kadi za ziada. Kisha muulize picha zitahifadhiwa wapi usiku huohuo. Zikae sehemu mbili tofauti kabla kadi haijafutwa. Na mkishakabidhiwa kazi yenu, je, atabaki nazo, au atazifuta? Kwa picha za kupamba, familia ina haki ya kudai zifutwe.

Sheria iko upande wako

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha ya mtu anayetambulika ni data yake binafsi. Mpiga picha hawezi kuitumia kujitangazia biashara bila ridhaa yako ya wazi. Si maneno ya karatasi tu. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na mkahawa mmoja shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Ukionewa, unaweza kupeleka malalamiko kwa ofisi hiyo, na sheria inaitaka iyamalize ndani ya siku 90.

Jambo la pili wengi hawalijui. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, hakimiliki ya kazi uliyoiagiza huhamia kwako wewe uliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Kwa hiyo soma vizuri karatasi unayopewa kabla ya kutia saini. Huenda mstari mmoja mdogo chini unamrudishia haki zote.

Andikeni

Kuna wanaoona aibu kumwandikisha mtu wanayemjua. Lakini mali bila daftari huisha bila habari. Karatasi moja inatosha, iwe na haya:

- Tarehe, saa na mahali pa kila shughuli.
- Jina la atakayepiga picha mwenyewe, ili asitumwe mwingine msiyemjua.
- Idadi ya picha zitakazohaririwa, albamu au video, na siku ya kukabidhi.
- Nani atahariri na nani atachapisha.
- Picha gani hazitawekwa popote, na lini zitafutwa.
- Bei yote, arubuni, na salio litalipwa lini.
- Nini kitatokea akiugua yeye au mkiahirisha nyinyi.

Msilipe zote mwanzoni. Toeni arubuni, kiasi kingine siku ya harusi, na mbakishe sehemu ya kulipa mkipokea kazi. Lipeni kwa M-Pesa na mtunze ujumbe, kwani ndio ushahidi. Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Mpiga picha hodari hukodiwa mapema, hasa Shaaban, Shawwal na likizo za shule za Agosti na Desemba. Tarehe ikishajulikana, mtafuteni.

Simu za wageni

Baada ya hayo yote, ukumbi wa kupamba unaweza kuwa na simu mia mbili. Mpiga picha awe mwaminifu vipi, hawezi kumzuia shangazi anayetaka kurusha mubashara kwa jamaa walioko Dubai. Hilo ni la wenye harusi. Liandikeni kwenye kadi ya mwaliko, wekeni wasichana wawili mlangoni wa kupokea simu na kutoa namba, na somo au mama wa bi harusi alitangaze tena kabla bi harusi hajaingia. Watakaonuna watanuna siku moja.

Na wenye kuamua haya yote, kwa kawaida wajomba, ami na mabinamu wenye pochi, wamshirikishe bi harusi mwenyewe. Sura ni yake. Mwulizeni anataka nani aione, kisha mtafuteni mpiga picha atakayelitii jibu lake.