Nyumba ya Ukumbi: Buyenzi Inatufundisha Nini Kuhusu Ujenzi?

Siku hizi mjini Bujumbura, nyumba inayotunza nishati na mazingira huzungumzwa kana kwamba ni jambo geni, la kuagizwa kutoka nje pamoja na mitambo ya jua. Mimi nina maoni tofauti. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba mji wetu ulikwisha kuwa na nyumba ya namna hiyo, na kwamba historia yake inatuonyesha pia udhaifu wake.

Nyumba ninayoisema ni nyumba ya Kiswahili. Ilitoka pwani, ikafuata njia ya misafara kupitia Tabora hadi Ujiji, kisha ikafika pamoja na wafanyabiashara kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, ambako Wajerumani walijenga kituo cha Usumbura. Wabelgiji, walioingia mwaka 1916, baadaye walipanga mtaa wa Buyenzi kwa barabara zilizonyooka. Humo Waswahili waliendelea kujenga kwa desturi yao: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma pamoja na jiko.

Mpango huo uliifaa hali ya hewa yetu. Tuko nyuzi 3 hivi kusini mwa Ikweta, na joto ni kali. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku hushuka kutoka milimani. Mlango wa mbele na wa uani ikiwa wazi, ukumbi hupitisha upepo huo bila feni. Jiko likiwa uani, moshi na joto lake haviingii vyumbani. Ukuta mnene wa matofali yaliyokaushwa juani hupata joto polepole, na kuyatengeneza hakuhitaji kuni, tofauti na matofali ya kuchoma.

Kwa nini basi tuliiacha? Heshima ilihamia kwenye saruji na bati, na bati lisilo na dari huingiza joto moja kwa moja chumbani. Familia zilipoongezeka, uani ulijazwa vyumba vya kupangisha na njia ya upepo ikazibwa. Tukabaki kutegemea feni, na feni hutegemea maji ya mabwawa kama Rwegura, lenye megawati 18, lililoanza kazi mwaka 1986. Mwezi Septemba joto linapozidi, ndipo kiangazi kimekwisha kupunguza maji ya mito.

Hata hivyo sitaki kuipamba nyumba ya udongo. Mafuriko ya usiku wa tarehe 9 Februari 2014 yaliua makumi ya watu kaskazini mwa mji, na nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali mabichi. Anayesema turudi kwenye udongo bila kuutaja usiku ule hajamaliza hoja yake. Udongo unahitaji msingi wa mawe ulioinuka juu ya ardhi na paa lenye upenu mpana, na usijengwe kabisa kwenye mkondo wa maji.

Kwa maoni yangu, urithi wa kwanza wa kuokoa ni mpango wenyewe: ukumbi, uani na baraza. Huo unaweza kujengwa kwa udongo, mawe au saruji. Wanaopima viwanja vipya leo wakivifanya vyembamba mno hata uani ukose nafasi, watakuwa wamewalazimisha wakazi kununua umeme wa kupoza joto ambalo upepo wa ziwa ungeliondoa bure.