Maandishi ya Moyo

Katika mwezi wa Machi 1944, Vita Kuu ya Pili ingali ikiwaka, daktari mmoja wa jeshi la majini, Howard Bruenn, aliyekuwa mtaalamu wa moyo, alimpima Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani, katika hospitali ya Bethesda. Fikiri, msomaji, jinsi alivyoshtuka. Shinikizo la damu lilikuwa 186 kwa 108. Moyo ulikuwa umetanuka. Na katika mchoro wa umeme wa moyo, uitwao elektrokadiogramu, wimbi la T, ambalo kwa mtu mwenye afya huelekea juu, lilikuwa limepinduka. Rais hakuambiwa habari hizo, wala yeye hakuuliza. Nao raia waliendelea kuhakikishiwa kwamba ni mzima.

Daktari aliwezaje kusoma ugonjwa katika karatasi? Yatupasa turudi nyuma kidogo. Kila pigo la moyo wako hutanguliwa na umeme mdogo sana upitao katika nyama yake, na umeme huo ndio uiamurishao nyama ijikaze. Augustus Waller aliunasa umeme huo kwa mwanadamu huko London mwaka 1887, lakini michoro yake ilikuwa hafifu. Aliyeikamilisha kazi ni Mholanzi Willem Einthoven, wa Chuo Kikuu cha Leiden. Alitundika uzi mwembamba mno, uliopakwa fedha, kati ya ncha za sumaku kubwa. Umeme wa moyo ulipoupitia, uzi ulitikisika, na kivuli chake kikapigwa picha. Usidhani kilikuwa chombo cha kubeba mkononi! Uzito wake ulikuwa kilo 270 hivi, watu watano walihitajiwa kukiendesha, naye mgonjwa alikaa ametumbukiza mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi. Kwa kuwa hakikuweza kupelekwa hospitali, Einthoven aliunganisha hospitali na maabara yake kwa waya wa simu wa kilometa moja na nusu, na mwaka 1906 akatangaza michoro ya mioyo mizima na ya mioyo iliyonenepa. Majina ya mawimbi, P, Q, R, S na T, ni yake yeye.

Sasa tazama kazi ya shinikizo. Moyo wa mwenye ugonjwa huu ni kama mchukuzi wa bandarini anayeongezewa gunia kila siku. Chumba cha chini cha kushoto, kisukumacho damu mwilini, hunenepa ukuta wake. Wengi wangedhani unene huo ni nguvu. Sivyo, kwani nyama huzidi kuliko damu inayoilisha, na makovu huota ndani yake. Katika karatasi wimbi la R hurefuka na la S huzama; baadaye T hupinduka, kama lilivyopinduka la Roosevelt. Mwaka 1949 Sokolow na Lyon walitoa kipimo chepesi: jumlisha kina cha S katika mchoro wa V1 na urefu wa R katika V5 au V6, ikifika milimita 35, shuku moyo huo. Kipimo hiki hukosa mioyo mingi iliyonenepa, lakini ni cha bei rahisi, nacho kingali kinatumika.

Bruenn alimpa Rais dawa ya digitali, akampunguzia chumvi, sigara na kazi. Dawa nzuri ya kushusha shinikizo hakuwa nayo, kwani klorothiazidi haikuanza kuuzwa ila mwaka 1958. Roosevelt alishinda uchaguzi wa Novemba 1944, na tarehe 12 Aprili 1945, huko Warm Springs, mshipa ulipasuka ubongoni mwake. Shinikizo lilipita 300. Alikuwa na umri wa miaka 63.

Mwaka 1948 uchunguzi wa watu 5,209 ulianzishwa katika mji wa Framingham, nao ulithibitisha kwamba wenye michoro ya namna ile hufa mapema kuliko wenzao. Je, mchoro ukisha kuharibika waweza kutengenea? Mwaka 2002 yalitangazwa majibu ya uchunguzi wa wagonjwa 9,193 wenye shinikizo na michoro ya mioyo iliyonenepa. Waliopewa losartani na waliopewa atenololi walishuka shinikizo karibu sawasawa. Lakini kwa wale wa losartani mawimbi yalipungua zaidi, na kiharusi kikawapata wachache.