Kabla hujacheka barua ya mwalimu, soma hii

Wiki hii kwenye magrupu imezunguka tena picha ya barua ya mwalimu kwenda kwa mzazi. Si mnazijua zile? "Unaitajika", "shureni", "bira kukosa". Watu wamecheka mpaka basi. Na mimi nilicheka, nisiwadanganye. Ila usiku nikakumbuka kwamba barua kama hiyo ipo kwetu Kisiba, kwenye sanduku la bati la bibi, imelala na kadi za kliniki na stakabadhi za kodi.

Ni nusu karatasi ya daftari, ya mwaka 1979. Inasema: "Mzazi unaitajika kufika shureni jumatatu bira kukosa kuhusu swara ra mtoto wako." Mtoto mwenyewe ni mjomba wangu. Chini kuna saini na muhuri.

Huku kwetu watu wanapenda sana kuhadithia Wajerumani na silaha wanazosemekana kuzitupa ziwani pale Masoko. Lakini historia ya barua kama hii hakuna anayeihadithia, na wakati inatuhusu wote. Basi leo tuiseme.

Novemba 1974, TANU walikaa Musoma wakapitisha azimio kwamba ikifika Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Kabla ya hapo lengo lilikuwa 1989. Yaani kazi ya miaka 15 ikabanwa iwe ya miaka 3! Mpango huo ndo tunauita UPE. Mwaka 1974 shule za msingi zilikuwa na wanafunzi kama milioni 1.2. Kufika 1980 walishapita milioni 3.

Sasa jiulize, watoto wote hao nani awafundishe? Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda ule. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba. Wakapelekwa kufundisha huku wanasoma: wanaingia darasani, na muda unaobaki wanasoma masomo kwa njia ya posta na kusikiliza vipindi vya redio, kisha mwishoni wanaenda chuoni wiki chache. Miaka mitatu hivi, tayari mwalimu. Zaidi ya 35,000 walifuzu kwa njia hiyo. Watu hawakuwa na huruma, UPE wakaigeuza ikawa "Ualimu Pasipo Elimu".

Fikiria kijana wa darasa la saba, jana alikuwa anachapwa kwa kuchelewa namba, leo anaitwa mwalimu. Na Kiswahili anachofundishia siyo lugha aliyonyonya. Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar. Sisi tuko huku kwenye migomba na mvua. Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891 walijifunza Kinyakyusa na kukitumia kanisani, na nyumbani mpaka leo wengi ni Kinyakyusa. Na Kinyakyusa hakina R kabisa. Hata mlima Rungwe, wazee wanauita Lungwe.

Hapo ndo utaelewa "shureni". Siyo kwamba yule mwalimu alikuwa hajali. Shuleni alisahihishwa kila aliposema "lais" na "balua", akaona kumbe R ndo alama ya msomi. Akaanza kuiweka kila mahali, hata pasipotakiwa. Kosa lake lilitokana na kujitahidi. Kwenda kuhakikisha napo ilikuwa shida, maana Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka 1981, na hata ilipotoka siyo kila shule ya kijijini ilikuwa nayo.

Kuna upande wa pili watu huwa wanausahau. Bibi aliisoma ile barua mwenyewe. Alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo, ile kampeni iliyoshika kasi baada ya Nyerere kuutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967, watu wazima 67 kati ya 100 walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Mtihani wa kitaifa wa 1975 ulionyesha wamebaki 39. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la saba alimwandikia mama wa kisomo, na wakaelewana. Jumatatu bibi alienda shule. Miaka michache nyuma barua hiyo isingekuwa na wa kuiandika wala wa kuisoma.

Lakini sitaki kupaka rangi. Nilimuuliza mjomba kuhusu yule mwalimu. Akasema alikuwa mtu mwema, hakosi kipindi. Halafu akacheka kidogo akasema, "Mimi mpaka leo nikiandika swala nasita." Hilo ndo lililoniuma. Mzazi anaweza kuelewa barua yenye makosa, ila mtoto anayenakili ubaoni anaondoka na makosa hayo. Na enzi zile nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, mtihani wa darasa la saba ndo ulikuwa mlango. Mjomba hakupita. Siwezi kusema ni kwa sababu ya R na L. Ila nani atasema hazikuchangia?

Na hatukujifunza. Miaka ya 2000 shule za kata zilipoota kila kona, walimu hawakutosha tena. Wakachukuliwa vijana wa kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya kama mwezi mmoja, wakaingizwa darasani. Mtaani wakaitwa "Voda Fasta". Majengo yakapatikana, watoto wakajaa, na mwalimu akawa kama kitu cha kuongezea mwishoni. Wengi wetu tunaosoma hapa tumepita mikononi mwao.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Barua yenye makosa isahihishwe, tena mapema, kwa sababu kuna mtoto ananakili. Mwalimu wa leo mwenye cheti, simu na kamusi mkononi hana kisingizio kama cha yule wa 1979. Ila kumpiga picha mwalimu na kumrusha kwenye grupu hakumsahihishi mtu. Swali la kuuliza ni nani aliamua kwamba kijana huyo yuko tayari, na alimpa nini cha kumsaidia.

Halafu na sisi tujiangalie. Tunaandika "xaxa" na "cjui" kutwa nzima, halafu tunamcheka mtu aliyeandika kwa wino, akapiga muhuri, ili mjomba wangu asiache shule.

Ile barua nimeirudisha kwenye sanduku. Bibi hajawahi kuona kosa lolote ndani yake.